Mabano Yaliyogeuza Mgongo

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na baada ya kushauriana kwa kina na nafsi yangu, natangaza kwa wakazi wote wa Biryogo, mtaa wa Waswahili hapa Kigali, wenye vyerehani na wenye masufuria, wanaoswali safu ya mbele na wanaofika imamu akitoa salamu, kwamba Ikirezi binti Usumani, fahari ya ukoo wetu na tegemeo la taifa katika sayansi, amepata alama thelathini na moja.

Kwa mia, ndiyo. Tangazo hili nililisoma nikiwa juu ya stuli ya Baba, pazia la mteja likining'inia begani mwangu kama joho, na sikufika mwisho wake. Baba alinitupia kiatu. Mama akasema, "Kaze, shuka hapo kabla sijakushusha." Ikirezi alikuwa ameinamia tableti, akiyasoma tena na tena maneno mawili yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu: Si sahihi.

Nieleze, kwa kuwa wasomaji hupenda kuelezwa. Shule ya dada yangu iko Kagugu, nyuma ya ukuta mrefu na jina refu zaidi. Mwaka huu iliamua kwamba walimu wake wamechoka kusahihisha, ikanunua mfumo wa mtandaoni unaoitwa Jibu Safi. Mwanafunzi anaandika jibu lake kwenye kisanduku, mfumo unalitazama kwa muda wa kupepesa jicho, kisha unatoa tiki ya kijani au msalaba mwekundu. Haufundishi. Hauulizi umefikaje hapo. Una akili za mlinzi wa geti aliyepewa sare mpya asubuhi hii.

Kazi za likizo zilikuwa tatu, zote za Jibu Safi, na ujumbe wa shule ulisema wazi kwamba atakayepata wastani chini ya sitini hatarudi katika darasa la Hisabati na Fizikia. Atatafutiwa kiti kwingine. Ikirezi alitaka kujenga madaraja tangu alipokuwa hawezi kulitamka neno mhandisi. Hakuwa na mpango wa pili. Watu wenye akili nyingi hawana adabu ya kuandaa mpango wa pili.

Mimi pia nasoma bweni, shule nyingine, darasa la chini yake, Jibu Safi hiyohiyo. Mimi, ambaye mwalimu wangu wa hesabu aliwahi kunishauri nijaribu kwaya, kazi yangu ya kwanza nilipata themanini na nane. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba kipaji hakielezeki.

*

Mama alifanya anachofanya akizidiwa: alimpigia dada yake. Mama mkubwa Pudentienne anaishi Kibagabaga. Alifundisha hesabu sekondari kwa Kifaransa, na serikali ilipoamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, watu wengine walibadilika, yeye akastaafu. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya mlango wetu, akamrudishia dereva kofia yake kwa vidole viwili, akaingia na boksi la chaki, kana kwamba Biryogo chaki haijafika.

"Nani amekuambia hujui?" alimwuliza Ikirezi.

"Mfumo, Mama mkubwa."

"Mfumo una diploma ya wapi?"

Hapo akaketi, akapitia hesabu zote za Ikirezi kwenye karatasi, mstari kwa mstari, akinong'ona kwa Kifaransa. Baba alisimamisha cherehani ili kusikia vizuri zaidi jambo asilolielewa. Mwisho Mama mkubwa akavua miwani.

"Ni sahihi. Zote isipokuwa mbili, na hizo mbili ni uvivu."

"Lakini imekataa," akasema Ikirezi.

"Basi ni jinga."

Wewe ungeamini nani: mwanamke aliyefundisha hesabu maisha yake yote, au kisanduku? Ikirezi aliamini kisanduku. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote katika binadamu. Mtu mzima wa miaka kumi na saba, anayejua kuthibitisha vitu ambavyo mimi siwezi hata kuvisoma, akiona msalaba mwekundu hasemi "umekosea," anasema "nimekosea wapi?" Alianza upya. Alipiga hesabu ileile kwa njia tatu, akapata jibu lilelile mara tatu, na kila lilipofika alilichukia zaidi.

Mama mkubwa alimfundisha kazi ya pili kwenye ubao wa kukatia vitambaa. Swali lilitaka namba zote zilizo kati ya mbili na tano, bila mbili yenyewe wala tano yenyewe. Akaandika kwa chaki: ]2; 5[.

"Unaona mabano? Yameigeuzia mgongo namba isiyoalikwa," akasema. "Ni adabu tu. Namba ikialikwa, bano linaigeukia uso."

"Kumbe hesabu iko na adabu," akasema Baba, akafurahi.

"Iko na adabu kuliko wateja wako, Usumani."

Kisha wakaja kwenye mbili na nusu, akaiandika 2,5 na kuitamka kama alivyoitamka darasani zamani, "deux virgule cinq," na Ikirezi akaandika vilevile, kwa kuwa hesabu zake za kwanza maishani alizipata mikononi mwa mwanamke huyu. Shuleni hakuna aliyewahi kumkosoa. Walimu wa nchi hii wameshaona kila namna ya kuandika, iliyotoka Bujumbura, iliyotoka Kampala, iliyotoka Goma, na wanaipigia tiki yoyote iliyo kweli. Tableti nayo ilikuwa ya Mama mkubwa, aliyotuazima tangu likizo ianze, imepangwa kwa Kifaransa kila kona, na upande wa namba ilikuwa na kitufe kimoja tu cha kutenganisha, cha hiyo virgule, yaani koma.

Kazi ya pili ikarudi na thelathini na sita. Mama mkubwa alisema kitu kwa Kifaransa ambacho Mama alikataa kututafsiria.

*

Siku iliyofuata Baba alivaa suti aliyojishonea mwenyewe, akamchukua Ikirezi na kunibeba mimi kama mkalimani, iwapo shule ingetupiga kwa Kiingereza. Haikuhitajika. Mkuu wa masomo, Bwana Bayingana, alikulia Tanzania na hupenda watu wajue. Aliposikia tumetoka Biryogo akahamia kwenye Kiswahili na kuketi kwa raha zaidi, kama mtu aliyeambiwa wageni ni wa jikoni.

Lakini kwanza tulisubiri. Waliokuja baada yetu waliingia kabla yetu. Mmoja alikuwa anauza kalenda.

"Mzee," alisema Bayingana tulipofikiwa, "mfumo haumjui binti yako, haunijui mimi, haupokei simu ya mtu. Huo ndio uzuri wake."

"Ni kweli, bwana. Lakini mama yake mkubwa ni mwarimu, ameangalia, anasema hesabu iko sawa."

"Mwalimu wa wapi?"

"Alishastaafu."

"Aaa," alisema Bayingana, na ndani ya hiyo aaa alimzika Mama mkubwa na chaki zake zote.

"Ungeangalia jibu moja tu. Moja."

"Nikiangalia la kwako moja, kesho wazazi mia wako kwenye ngazi. Binti, wewe mwenyewe unasemaje? Mfumo unakuonea?"

Ikirezi aliangalia viatu vyake. "Sijui, mwalimu."

"Umesikia, mzee. Hajui." Akasimama, mkutano umekwisha, na hapo jicho lake likatua kwenye shingo ya Baba. Baba alikuwa amevaa suti, tai na viatu vilivyong'arishwa, ila futi ya kupimia alisahau kuivua. Ilikuwa inaning'inia kila upande kama nishani. "Kumbe wewe ni fundi? Afadhali. Hii suruali inanibana hapa nyuma, nikikaa ni mateso."

Nilidhani Baba atacheka na kuondoka. Badala yake alipiga goti kwenye zulia la ofisi ile, akamzungushia Bwana Bayingana futi kiunoni, akasema, "Nafasi ya kuachia ipo, bwana, nitakufungulia." Aliwaza, najua aliwaza kwa kuwa uso wa Baba hauna mlango, kwamba mtu akishamshonea mtu suruali hawezi kumfukuza mtoto wake darasani. Wazo la kitoto. Suruali ilitumwa, ilirudishwa bure imeachiwa vizuri, na Bayingana alituma ujumbe wa maneno mawili: Imenikaa sawa. Kuhusu alama hakuandika hata herufi.

Ujumbe ule aliupokea Ikirezi, kwa kuwa simu ya Baba ilikuwa mkononi mwake. Alimsomea Baba, naye Baba akatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu lililostahili kupigwa kofi kama lile.

*

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Mama. Alipata anwani ya ofisi ya Jibu Safi, Kibagabaga, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Tulipokelewa na kijana Mkenya aitwaye Onyango, aliyenukia vizuri na kutusikitikia kwa ufundi mkubwa.

"Karibuni sana. Poleni sana. Maoni yenu tunayathamini sana."

"Si maoni," akasema Mama. "Ni mtoto."

Onyango alibonyeza, akatazama skrini yake, akakunja uso kama daktari. "Naona hapa jibu la mwanafunzi na jibu la mfumo. Hayafanani."

"Hayafanani vipi?"

"Hayafanani tu, mama. Mimi niko huduma kwa wateja. Watu wa hesabu wako Nairobi."

"Geuza hiyo skrini tuone, basi."

"Hapo nitakuwa nimewaonyesha majibu. Sheria hairuhusu."

Ikirezi aliuliza taratibu, "Kuna mtu aliyewahi kulalamika, ikaonekana mfumo ndio umekosea?"

"Bado," alisema Onyango kwa fahari. "Hakuna aliyewahi kufika mwisho wa utaratibu wa malalamiko."

Alimpa Mama kalamu yenye nembo ya kampuni, akatupa sisi pipi, mimi wa miaka kumi na mitano na dada yangu mhandisi, akatusindikiza hadi mlangoni akiomba tumpe nyota tano.

Kwenye ngazi Ikirezi alisimama. "Mama, acha. Msizunguke tena kwa ajili yangu. Si mfumo, ni mimi. Nilikuwa najiona tu."

"Nani amekuambia maneno hayo?"

"Hesabu."

Mama alimshika mkono, akakosa la kusema, akanitazama mimi, labda kwa kuwa huwa sikosi la kusema. Mimi nilikuwa nafungua pipi.

*

Kazi ya tatu ilikuwa inafungwa Ijumaa magharibi. Baada ya alasiri nyumba nzima ilikuwa ndani: Baba kwenye cherehani asiyoiendesha, Mama mlangoni na sinia la mchele asiouchambua, Mama mkubwa ubaoni, Ikirezi na tableti katikati yetu kama mgonjwa anayesomewa dua. Kila swali lilikuwa na majaribio mawili, kisha linajifunga. Yale yenye namba nzima yalipita. Mengine yalijifunga moja baada ya jingine, Mama mkubwa akitamka jibu kwa sauti ya mahakama, Ikirezi akiandika, msalaba ukitokea.

"Deux virgule cinq," alisema Mama mkubwa.

Ikirezi akaandika. Nyekundu.

"Rudia. Umebonyeza vibaya."

"Sijabonyeza vibaya, Mama mkubwa." Akaweka tableti mapajani. Hakulia. Alizungumza na Baba, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei. "Baba, zile sare za shule, bado unatafuta mtu wa kutia vifungo?"

Baba alifanya jambo la kipumbavu kuliko yote aliyofanya juma lile. Aliinuka, akaondoa vitambaa juu ya cherehani ya pili, ile ya mwanafunzi wake aliyeacha kazi, akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Vifungo ni kazi ya heshima, mwanangu," akasema. "Kaa hapa uone kama kiti kinakutosha." Na Ikirezi akaenda, akakaa.

"Weka nukta," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Badala ya hiyo virgule. Nenda upande wa herufi, nukta iko chini kulia. Na mabano yako weka yale ya mviringo, yanayotazamana, katikati koma, si nukta na koma."

Ikirezi alichukua tableti. Akaandika 2.5. Kijani. Akaenda swali lililofuata, akayageuza mabano yakatazamana. Kijani. Mama akasema alhamdulillahi. Mama mkubwa akacheka hadi akashika ubao, "Kwa hiyo mashine ya mamilioni haijui virgule, haijui hata adabu ya mabano," na Baba akampigia makofi, akanipigia na mimi, akaniita profesa. Muda mfupi sana, niliufurahia uprofesa.

Ikirezi hakucheka. Aliendelea hadi swali la mwisho, yote ya kijani, kisha akainua macho.

"Kaze. Nukta mtu anaweza kubahatisha."

"Nimebahatisha."

"Na mabano?"

"Nayo."

"Na mahali kitufe kilipo?"

Niliangalia juu, ambako hakukuwa na msaada. Mama aliweka sinia chini. "Kazi yako wewe ulifanyia kwenye tableti hii," akasema polepole. "Jumatatu ile ya kwanza. Kabla ya dada yako."

"Ulikuwa ni mzaha," nikasema.

Hakuna aliyenipiga. Ningependa mtu anipige. Baba alirudi kwenye cherehani yake, akatunga uzi kwenye sindano, akaukosa, akautunga tena. Mama mkubwa alifuta ubao wote, hata mahali palipokuwa safi. Kazi ya tatu ilifungwa na sitini, kwa kuwa karibu nusu ya maswali yalikuwa yameshajifunga wakati mimi nimesimama palepale naangalia. Wastani wa kazi zote tatu haukufika hata arobaini na tatu.

*

Jumatatu tulirudi Kagugu, familia nzima pamoja na Mama mkubwa, aliyevaa kama anaenda kumzika mtu asiyempenda. Baba alimweleza Bwana Bayingana yote kuhusu nukta na virgule na mabano, akionyesha kwa vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano mabano yanayotazamana na yanayopeana mgongo. Alieleza vizuri. Hakutaja jina langu.

Bayingana alisikiliza, kisha akaweka viwiko mezani.

"Nakubali kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini nisaidie, mzee. Kazi tatu, muda wote huo, nyumba moja, tableti moja. Anayejua hesabu akikataliwa jibu analojua ni la kweli, anajaribu kuliandika vingine. Asiyejua ndiye anayerudia palepale. Mnaniambia watu wote wa nyumba ile hakuna hata mmoja aliyeliona? Basi mimi nitajuaje kwamba binti hakuwa anakisia?"

Ikirezi alikuwa amekaa wima, mikono kwenye magoti. Kulikuwa na jibu moja tu la kweli, na halikuwa lake.

Baba alijikuna shingo. "Hatukuona, bwana," akasema. "Sisi watu wa sindano. Kompyuta inatushinda. Utusamehe ujinga wetu."

Alikuwa amewaona wanawe wote wawili, akaamua kujishusha mbele ya mtu yule mara ya pili, ili asimpoteze hata mmoja. Na hilo lisingesaidia kitu, kwa kuwa Bayingana alikuwa tayari anatikisa kichwa na kusogeza karatasi zake.

"Mimi niliona," nikasema.

"Wewe ni nani?"

"Mdogo wake. Niliona Jumatatu ya kwanza. Hata mimi mfumo ulinikataa. Nikaweka nukta badala ya koma, ukakubali. Mabano niliyajaribu hadi yakakubali. Halafu nikamwachia tableti ikiwa vilevile, nikakaa pembeni."

"Na yeye hakujua?"

"Majibu yake yalikuwa sahihi. Mama mkubwa aliyapitia. Mimi nilijua ni sahihi, na nilijua kwa nini yanakataliwa."

Bayingana alinitazama, na dharau niliyoiona machoni mwake niliitambua, kwa kuwa ni ileile ninayoitumia mimi. Alivuta karatasi tupu kwenye droo, akaisukuma mbele ya Ikirezi pamoja na kalamu. "Maswali nitakutajia mimi. Andika upendavyo, kwa mabano unayoyataka. Ukinishawishi, utabaki darasani."

Ikirezi alichukua kalamu. Bayingana akanigeukia tena. "Na wewe uliwaacha wazazi wako wakazunguka mji mzima. Kwa nini?"

Nilikuwa na neno mzaha tayari mdomoni. Dada yangu alikuwa ameinama juu ya karatasi, kalamu haijagusa chochote, anasubiri na yeye.

"Nilitaka ashindwe," nikasema. "Ile ya kwanza tu, mara moja, nione inakuwaje. Kisha ya pili ikaja, na nikawa sijui naanzaje kusema."